Ligi ya bastola ya upepo kwa bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kanuni

Ukurasa huu ni kwa klabu, shule na vikundi vya mtaani hapa Uganda vinavyotaka kuanzisha ligi ya kulenga shabaha kwa bastola za upepo bila kuwa na mfuko mkubwa. Majibu yote yamejengwa juu ya msimamo mmoja: kanuni ambayo msimamizi hawezi kuikagua pale pale uwanjani, kwa rula, kwa mizani au kwa macho yake, isiandikwe. Kanuni isiyokagulika humbana mwaminifu peke yake, na mjanja anapita.

Kwanza kabisa, jambo hili linaruhusiwa?

Msinunue chochote kabla ya kulijibu swali hili kwa maandishi. Silaha Uganda zinasimamiwa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na vibali vinapitia polisi. Kwamba bastola inasukuma peleti (kirisasi chake kidogo) kwa hewa badala ya baruti hakuifanyi kuwa kichezeo. Andikeni barua kwa DPC, yaani kamanda wa polisi wa wilaya yenu. Mweleze ni bastola za aina gani, kipenyo gani, ngapi, zitatumika wapi, zitafungiwa wapi na nani atashika ufunguo. Subirini jibu lenye muhuri. Fanyeni hivyo pia kabla ya kuagiza kutoka nje, na asithubutu mtu kuvusha bastola Busia au Malaba ndani ya begi la nguo akidhani ataeleza baadaye.

Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, naye ajulishwe mapema, aone ukumbi, aone mnavyofunga mlango. Majirani wakisikia milio na kuona watu wameshika bastola, yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Mkitaka kuwa chama cha michezo kinachotambuliwa, Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023 inawaelekeza kwa Baraza la Taifa la Michezo, Lugogo.

Kwa nini tusichukue kanuni za ISSF kama zilivyo?

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, lina kanuni nzuri na nyingi tunazichukua bila kugusa. Umbali ni mita 10. Peleti ni za milimita 4.5. Bastola isizidi gramu 1,500, ilengwe kwa kilengeo cha wazi, bila lenzi wala taa, na ishikwe kwa mkono mmoja. Hayo yote yanakagulika kwa futi ya fundi na mizani ya dukani.

Shida ni kwamba kanuni zile ziliandikwa kwa watu ambao wote wana bastola za mashindano: Steyr, Morini, Feinwerkbau, Walther, Pardini. Pale juu tofauti ya vifaa ni ndogo, kwa hiyo anayeshinda ni mtu. Kwenye ligi ya bajeti mmoja anakuja na bastola ya springi aliyorithi, mwingine na ya gesi, wa tatu ana ndugu Ujerumani aliyemletea ya mashindano. Mkiwaweka kwenye jedwali moja bila kufikiri, msimu unakuwa umeamuliwa siku ya usajili.

Tuweke kikomo cha bei?

Hili ndilo wazo la kwanza la karibu kila kikundi, na ninawasihi mliache. Bei haikaguliki. Bastola iliyonunuliwa mpya dukani nje ya nchi ina bei moja, ikifika hapa na usafiri na ushuru ina nyingine, na ile ile ikiwa mtumba kutoka kwa mtu anayehama ina ya tatu. Iliyotolewa zawadi ina bei gani? Risiti inaandikwa na yeyote mwenye kalamu. Msimu wa kwanza mtakuwa mnahukumu risiti badala ya kuhukumu shabaha, na urafiki utavunjika hapo.

Tena bei haifuatani na ubora. Baikal IZH-46M ya Urusi ilijulikana miaka mingi kwa kulenga vizuri kuliko bei yake, kwa sababu ni bastola halisi ya mashindano, ya kushindilia hewa mara moja kwa mkono, yenye mpini wa mbao wenye kiegemeo cha kiganja kinachorekebishwa. Kwa kikomo cha bei ingeingia kwa urahisi kwenye kundi la wanaoanza na kuwafagia wote. Kuna pia bastola za gesi za umbo la kijeshi zenye bei kubwa kwa sababu ya chuma na nembo tu, na shabaha zake ni za kawaida kabisa.

Badala ya kuuliza bastola imegharimu kiasi gani, ulizeni fedha inanunua pointi mahali gani. Inazinunua kwenye triga nyepesi na safi, kwenye mpini uliochongwa kufuata mkono, na kwenye hewa iliyojazwa kabla kwenye tangi, ambayo inampa mtu msukumo uleule kila risasi bila kutumia nguvu kushindilia. Mambo haya matatu yanaonekana kwa macho au yanapimika. Yawekeeni mipaka hayo.

Basi madaraja yawe mangapi?

Mawili yanatosha. Ukiwa na watu kumi na wawili na madaraja manne, kila mtu ni bingwa na hakuna ligi.

Daraja la kawaida: bastola ya springi, ya kushindilia hewa kwa mkono, au ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Kilengeo cha wazi. Mpini usio na kiegemeo cha kiganja kinachosogezwa. Triga isiyofyatuka chini ya kilo moja. Hata kama bastola ina magazini, peleti iingizwe moja moja.

Daraja la wazi: chochote kinachokubaliwa na ISSF, pamoja na bastola za hewa iliyojazwa kwenye tangi na triga ya gramu 500. IZH-46M yenye kiegemeo chake inakaa hapa, na mwenye ndoto ya mashindano ya nje ajizoeze hapa. Bastola kama Weihrauch HW40, ambayo nayo hushindiliwa mara moja, inaingia daraja la kawaida bila mjadala.

Mtu akisema mpini wake ameupiga msasa kidogo au ameuzungushia utepe, mwacheni. Mkono wa kila mtu ni wake. Kinachokatazwa ni kile kiegemeo, na kila mtu anakiona akiwa amesimama hatua tatu.

Kilo moja? ISSF si wanasema gramu 500?

Ndiyo, gramu 500 ndicho kiwango chao cha chini kwa bastola ya upepo. Lakini triga nyingi za bei nafuu ni nzito kuliko kilo moja, na mwenye fedha au fundi mzuri ndiye anayeweza kuishusha hadi nusu kilo bila kuifanya hatari. Ukiweka kilo moja kwa daraja la kawaida unaiondoa faida hiyo, na unaondoa pia triga zilizosagwa na mafundi wa kubahatisha, ambazo siku moja zitafyatuka zenyewe.

Na triga inapimwaje bila kifaa maalumu?

Kwa jiwe la mizani la sokoni. Lile la chuma la kilo moja analotumia muuza maharage ndilo kifaa chenu, na mizani za wafanyabiashara hukaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, kwa hiyo tafuteni jiwe lenye alama ya ukaguzi badala ya lililokwanguliwa chini.

Fungeni jiwe kwa waya mgumu, ncha ya juu ikunjwe iwe ndoano, na ndoano hiyo ivishwe kipande cha mrija wa plastiki isikwaruze. Bastola ikokiwe, isiwe na peleti, mtutu uelekee juu wima. Msimamizi avishe ndoano katikati ya triga, pale kidole kinapokaa, jiwe likiwa mezani. Kisha mwenye bastola anyanyue polepole mpaka jiwe liache meza. Likining'inia bila bastola kufyatuka, imepita. Ikifyatuka, arudie, nafasi ni tatu, na kupita mara moja kunatosha. Waya upimwe pamoja na jiwe, kwa sababu nao una uzito.

Angalizo la springi: bastola ya aina hii ikifyatuliwa bila peleti inaumia ndani, pistoni na mpira wake. Hiyo pimeni mwanzoni mwa msimu tu, na tena pale mtu anapolalamika. Nyingine zipimwe kabla ya kila mechi, mbele ya wote.

Mtu ana Crosman 2240. Aruhusiwe?

2240 inayojulikana na wengi ni ya milimita 5.5, na ligi ni ya 4.5. Si ukali wa bure. Katika mchezo huu tundu likigusa mstari unapewa pointi ya juu. Peleti yenye kipenyo kilichozidi kwa milimita moja inaufikia mstari nusu milimita mapema kila upande, na kwenye risasi 40 hiyo ni pointi za kutosha kubadilisha mshindi. Kukagua ni rahisi: angalia kopo la peleti lililo mezani na tundu la kwanza kwenye karatasi.

Gololi za chuma je?

Hapana. Zinadunda na kurudi machoni, na tundu lake halisomeki.

Peleti za aina gani zinafaa?

Za kichwa bapa. Zinakata karatasi duara safi kama kitobolea cha ofisini, wakati zenye ncha zinapasua na kuacha kingo zinazorudi kulifunika tundu. Msilazimishe kampuni moja. Makopo mengi ya peleti za kulengea huwa na 500, na kikundi kikinunua pamoja na kugawana kila mtu anajua anarusha kitu kilekile na mwenzake.

Wa bastola za gesi wanalalamika asubuhi ya baridi. Ni kweli?

Ni kweli. Msukumo wa kaboni dayoksaidi ndani ya kapsuli unafuata joto lake. Kwenye nyuzi 20 ni takribani baa 57, na likikaribia nyuzi 31 unazidi baa 70. Kabale saa mbili asubuhi na Gulu saa nane mchana si bastola moja, hata kama namba ya ubavuni ni ileile. Zaidi ya hapo, kila risasi inaipoza kapsuli, na anayerusha haraka haraka anaona peleti zinaanza kushuka kwenye karatasi.

Haki hapa inapatikana kwa ratiba kuliko kwa adhabu. Wote wa zamu moja waanze kwa wakati mmoja. Risasi za kujaribia ziruhusiwe bila hesabu ndani ya dakika 10 za mwanzo ili kila mtu arekebishe kilengeo kwa joto la siku hiyo. Baada ya risasi 20 kuwe na mapumziko ya dakika tano, na hapo ndipo anayetaka abadilishe kapsuli na kurusha mbili za kujaribia kwenye karatasi tofauti. Muda wa kila risasi usibanwe: dakika 60 kwa risasi 40 humpa mwenye gesi nafasi ya kusubiri kapsuli ipate joto na mwenye springi nafasi ya kupumzisha mkono baada ya kukoki. Kapsuli kuwekwa juani au kwenye injini ya boda ni marufuku kwa usalama, haki au isiwe haki.

Tunaweza kuchapisha karatasi za shabaha wenyewe?

Mnaweza, na ndiko mtakakookoa fedha nyingi. Vipimo vya mita 10 ni hivi: duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, na kila duara linalofuata linaongezeka milimita 16, mpaka la 1 lenye 155.5. Sehemu nyeusi inaanzia duara la 7, kipenyo 59.5. Ndani ya 10 kuna duara dogo la milimita 5 la kutenganisha sare. Shabaha nzima inaingia kwenye A4, na katikati yake itundikwe mita 1.40 kutoka sakafuni.

Hatari ni kompyuta ya duka la fotokopi. Nyingi zimewekwa kupunguza kurasa ziingie kwenye karatasi, na shabaha inatoka ndogo bila mtu kujua. Kabla kijana hajachapa nakala mia, mwambie atoe moja, weka rula kwenye nyeusi. Ikisoma 57, mrudishie arekebishe iwe asilimia 100. Na msitoe nakala ya nakala. Kila mara chapisheni kutoka kwenye faili moja, msimu mzima.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi inachanika ikipigwa peke yake. Ipakeni gundi nyembamba kwenye manila, au ibandikeni juu ya kipande cha boksi bapa kisicho na mawimbi mapana, na matundu yatakuwa ya mviringo. Jambo hili dogo linapunguza nusu ya ugomvi wa kuhesabu alama.

Ukumbi wetu una mita 6 tu. Tupunguze shabaha kwa kiasi hichohicho?

Karibu wote hufanya hivyo: mita 6 ni asilimia 60, basi wanachapa shabaha ya asilimia 60. Shabaha inayotoka ni rahisi kuliko ya mita 10, kwa sababu karatasi imepungua lakini peleti haikupungua. Bado ni milimita 4.5, na bado inagusa mstari kwa upana wake wote.

Hesabu sahihi ni kuongeza 4.5 kwenye kipenyo cha duara la mita 10, kuzidisha kwa 0.6, kisha kutoa 4.5. Duara la 10 linakuwa milimita 5.1, si 6.9. La 9 ni 14.7, la 8 ni 24.3, la 7 ni 33.9, na kila duara linaongezeka 9.6 mpaka la 1 lenye 91.5. Nyeusi iacheni kwenye 35.7, kidogo nje ya duara la 7, ili jicho lione ukubwa uleule kama wa mita 10. Mkitumia vipimo hivi, kikundi chenye ukumbi mfupi kinaweza kushindana na chenye ukumbi mrefu kwenye jedwali moja na hakuna atakayenung'unika. Ile 0.6 badilisheni kwa urefu wenu wowote: mita 8 ni 0.8.

Risasi ngapi kwa mechi?

Arobaini. ISSF wanarusha 60, na tangu 2018 wanawake na wanaume sawa. Lakini 40 na kama kumi za kujaribia ni peleti 50, kwa hiyo kopo la 500 linampeleka mtu mechi kumi, yaani msimu mzima wa ligi ndogo. Risasi tano kwa kila karatasi, karatasi nane.

Nani anahesabu alama?

Asiwe mrushaji, wala rafiki yake wa karibu, wala mtu wa timu yake. Karatasi ziandikwe namba tu, bila majina, zichanganywe, zihesabiwe na watu wawili wa zamu nyingine, kila mmoja kwenye fomu yake. Fomu zikipishana ndipo msimamizi anaingia.

Tundu lenye utata lipimwe kwa kiziba cha milimita 4.5. Vya kununua vipo, lakini upande laini wa biti ya drili ya milimita 4.5 unafanya kazi ileile. Upimeni kwa kipimo cha fundi mchonga vyuma kwanza. Kiziba kinaingizwa kwenye tundu mara moja tu, wima, na mtu anaangalia kwa lenzi ya mkononi kama kinagusa mstari. Kikigusa, pointi ya juu. Baada ya hapo karatasi inawekewa alama kwamba tundu hilo limepimwa, maana kulipima mara ya pili kunalipanua na jibu linabadilika. Uamuzi wa kiziba haukatiwi rufaa.

Karatasi ina matundu manne na mtu anasema karusha tano.

Tundikeni karatasi nyeupe kubwa nyuma ya shabaha, iliyoachana nayo kwa kiganja kimoja. Risasi iliyokosa shabaha itaonekana huko, na mbili zilizopita tundu moja mara nyingi zinaachana kidogo zikifika nyuma. Ushahidi ukionyesha mbili zimepita pamoja, apewe zote. Usipoonyesha lolote, ni sifuri, hata awe mzee wa klabu.

Akirusha sita kwenye karatasi moja, tundu la juu kabisa linafutwa. Hapo hakuna anayejaribiwa kuongeza ya bahati.

Wakilingana?

Hesabuni za 10 za ndani, zile zilizogusa duara dogo la milimita 5. Mwenye nyingi ameshinda. Zikilingana, angalieni karatasi mbili za mwisho, kisha mbili zilizotangulia, mkirudi nyuma. Mkiwa kwenye shabaha ya mita 6 bila duara la ndani, anzeni na karatasi za mwisho.

Wanaoanza wanakata tamaa kwa sababu mabingwa ni walewale. Tufanyeje?

Wekeni majedwali mawili kutoka mechi moja: la pointi halisi, na la pointi zenye nyongeza. Nyongeza inatokana na wastani wa mtu mwenyewe. Chagueni kiwango cha juu, tuseme 380 kati ya 400, toeni wastani wa mechi zake tatu zilizopita, kisha mpeni asilimia 80 ya tofauti. Mwenye wastani wa 300 anapata 64. Mwenye 360 anapata 16. Siku hiyo wa kwanza akipata 310 na wa pili 356, jedwali la nyongeza linasoma 374 kwa 372, na mgeni ameshinda kwa haki kwa sababu amejishinda mwenyewe kwa pointi kumi wakati bingwa amepungua nne.

Nimechagua 80 badala ya 100 kwa makusudi. Ukifidia tofauti yote, mazoezi yanakosa faida. Mechi tatu za kwanza za kila mtu zisiwe na nyongeza. Na anayelegea kwa makusudi ili wastani ushuke adhibitiwe hivi: nyongeza inaweza kushuka kila mechi, lakini isipande zaidi ya pointi tano kwa mechi moja.

Mkono mmoja au miwili?

Mmoja, madaraja yote, mwingine mfukoni au kiunoni. Ukiruhusu miwili kwa wachache hutajua tena pointi zao zinalinganishwa na za nani. Anayeanza mazoezi ashike kwa miwili mwezi wa kwanza, nje ya jedwali.

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wawe na jedwali lao?

Wanawake na wanaume jedwali moja. Mchezo huu hauhitaji kifua wala miguu mikubwa. Olimpiki wenyewe wameweka timu mchanganyiko ya bastola ya mita 10 tangu michezo ya Tokyo. Anayetumia kiti cha magurudumu arushe akiwa ameketi, mradi mkono wa bastola hauegemei popote, na pointi zake zihesabiwe kama za wengine. Vijana waje na mzazi au mlezi aliyesaini, bastola wakabidhiwe kwenye mstari na kurudishwa kwenye mstari, na pale ambapo polisi wamewawekea sharti la umri, sharti hilo ndilo kanuni yenu.

Amri za uwanjani ziwe kwa lugha gani?

Moja, na iandikwe ukutani. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na wasemaji wa Kiganda, Kilugbara, Lusoga na Kiingereza, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao. Maneno matatu yanatosha: JAZA, ANZA, ACHA. Likitamkwa ACHA, kidole kinatoka kwenye triga hata kama ulikuwa umebakiza nusu sekunde. Mtu yeyote anaweza kulitamka, si msimamizi peke yake.

Fikirieni mvua. Kumbi zetu nyingi zimeezekwa mabati, na mvua ya Aprili au Novemba ikianza hakuna sauti inayofika mstari wa pili. Msimamizi awe na filimbi na kibendera chekundu kinachoonekana kutoka kila nafasi. Asiposikika wala kuonekana, mechi inasimama na muda unasimama nao. Kanuni iseme hivyo wazi, maana aliyebakiza risasi kumi hapaswi kuumia kwa sababu ya mabati.

Miwani ya kinga ni lazima kwa wote waliomo ukumbini. Bastola iliyoko mezani iwe wazi, na uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi upite ndani ya mtutu mpaka uonekane mdomoni. Nyuma ya shabaha wekeni sanduku la mbao lenye bamba la chuma lililoinama mbele, linalozielekeza peleti chini kwenye mchanga. Hakuna anayevuka mstari mpaka nyuzi zote zimeonekana.

Peleti ni za madini ya risasi. Zina madhara?

Zina. Hakuna kula wala kunywa mstarini, na hakuna kushika peleti mdomoni kama wanavyofanya mafundi na misumari. Ndoo ya maji na sabuni iwe mlangoni, na rolex, ile chapati ya mayai, inunuliwe baada ya kunawa. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo linaloingia mapafuni. Mchanga wa sandukuni usimwagwe shambani.

Asiye na bastola atashiriki vipi?

Ligi iwe na mbili za kuazima, zenye mpini unaofaa mkono wa kushoto na wa kulia. Anayeazima apewe ileile kila mechi, na zamu za mazoezi ziandikwe kwenye daftari ili asije akaishika siku ya mashindano tu. Nafasi za kurushia zipigwe kura kila mara, wenye bastola zao na wa kuazima pamoja. Nafasi ya karibu na dirisha ina mwanga mzuri kuliko ya pembeni, na haifai kuwa ya mtu mmoja.

Bastola ikiharibika katikati?

Dakika kumi za kutengeneza au kuazima, mara moja kwa mechi, pamoja na risasi mbili za kujaribia. Ikishindikana, pointi alizokwisha kupata zinabaki.

Mtu akiona ameonewa?

Alalamike kwa maandishi kabla ya karatasi kutupwa, na karatasi zitunzwe mpaka mechi inayofuata. Wasikilizaji wawe watatu, hakuna hata mmoja anayegombea nafasi na mlalamikaji. Wajibu siku hiyohiyo na jibu libandikwe ukutani pamoja na matokeo.

Tukigundua kanuni mbovu katikati ya msimu?

Kama ni ya usalama, ibadilisheni siku hiyohiyo. Kama ni ya pointi au ya vifaa, iandikeni kwenye daftari, mmalize nayo msimu, na mpige kura kabla ya usajili unaofuata. Aliyenunua bastola kwa kusoma kanuni za Februari ana haki ya kuitumia mpaka mechi ya mwisho, hata kama anaongoza.